Shali ya pande mbili: trikoti ya wamama katika kambi za Kolwezi

Mwezi wa sita baridi ya Kapata haina mchezo. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na wakati wa kiangazi asubuhi unaona moshi wa makala kwenye kila mlango na watoto wanakwenda masomo wamefunga mikono kifuani. Asubuhi moja ya namna hiyo nilikwenda kwa kambo mmoja wa mtaa wetu, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, kumuuliza juu ya bomba la maji. Habari ya maji sikuiandika siku ile. Kambo alitoka nje amejifunika shali nyeupe ya lene, yenye matundu madogo kama wavu na misokoto minene kama nywele zilizosukwa. Upepo ulipoigeuza, nikaona misokoto ileile upande wa pili. Nikatafuta upande wa ndani, sikuupata.

«Haina ndani,» akaniambia. «Mwanangu, shali ya kubebea mtoto inaonekana pande zote. Ukitengeneza upande mmoja tu, utaona haya siku ya maternite.»

Wengi wetu tuliozaliwa kwa wazazi wa Gécamines tulifungwa ndani ya kitu kama hicho. Lakini trikoti ilifikaje hapa, kwenye nchi ya shaba?

Kwanza, si kazi ya Wazungu tangu mwanzo wa dunia. Vipande vya zamani sana vya trikoti ya kweli vinavyojulikana vimetoka Misri, soksi za pamba zenye rangi ya bluu na nyeupe, zina karibu miaka 900 au zaidi. Ulaya ilijifunza, ikaendelea nayo, na mwisho ikatuletea sisi pamoja na mambo mengine mengi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Katika miaka yake ya kwanza ilitafuta wanaume mbali, ikawaweka kambini miezi michache, kisha ikawarudisha kwao. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walikimbia. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ikageuza siasa: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi aje na bibi yake. Posho ikatolewa kwa mama na kwa watoto pia. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa walioongoza siasa hiyo, aliiandikia kitabu mwaka 1946. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mwanaume mwenye bibi nyumbani na mtoto mwenye afya hakimbii kazi, na mtoto huyo kesho atakuwa mfanyakazi.

Hapo ndipo sindano zinaingia. Mama huyu wa kambini, asiye na shamba kubwa kama kule kijijini, atafanya nini kutwa? Kampuni na masista wakafungua vyumba vya kushona. Baadaye, katika miji ya Congo na hata Usumbura, zikaja nyumba za mafunzo zilizoitwa «foyer social». Masomo yalikuwa kushona, kutia viraka, kupiga pasi, kupika, kuogesha mtoto, na kutrikote. Kofia ya mtoto, soksi, kanzu ndogo, shali.

Mimi naona wazi kwamba nia ilikuwa kumfunga mwanamke ndani ya nyumba. Hakuna aliyemfundisha hesabu za ofisi au umeme. Lakini kambo hakunifurahia nilipomwambia hivyo. «Wewe unasema walitufunga. Mimi nasema walinipa sindano mkononi, na sindano haikuuliza mimi ni bibi ya nani.» Niliandika maneno yake, na mpaka leo nafikiri wote wawili tulikuwa na haki.

Maana angalia mambo yaliyofuata. Mwaka 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, na miaka michache baadaye jina likawa Gécamines. Katika miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na kambini mama alitrikote kwa heshima tu: zawadi kwa jirani aliyezaa. Kisha Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Mwaka 1991 ukaja uporaji. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasaï wakafukuzwa, wengi wakilala kwenye stesheni wakingoja treni. Uzalishaji ukaanguka, mshahara ukakosekana mwezi mmoja, halafu mitatu, halafu watu wakaacha kuhesabu.

Katika miaka hiyo shali ikawa unga. Kambo alifumua majaketi ya zamani aliyonunua kwenye mitumba, akaosha uzi, akaunyoosha kwa jiwe, akaanza upya. Sindano za chuma zilipopotea, bwana yake alimnolea spoku za baiskeli kwenye saruji. Shali moja iliweza kulipa minervali ya mtoto kwa miezi mitatu. Kumbuka pia kwamba Kodi ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana kabla ya kujifunga kwa mkataba wowote, na jambo hilo halikurekebishwa mpaka mwaka 2016. Kutrikote uani hakukuhitaji karatasi ya mtu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoondoka Gécamines kwa ule mpango uliolipwa na Benki ya Dunia, bwana yake akiwa mmoja wao, nyumba yao ilikuwa imekwisha zoea kula kutoka kwenye uzi.

Sasa ile siri ya pande mbili. Nimeiomba, akaitoa bila shida. Msokoto wa kawaida unafumwa kwa vitanzi vya mbele tupu, basi nyuma unabaki uso wa makovu. Kambo anafanya tofauti: anachukua vitanzi kumi na viwili, anafuma kimoja mbele, kimoja nyuma, mpaka mwisho, «andrua, anvere», kama alivyofundishwa kwa Kifaransa. Akifika mahali pa kusokota, anaweka vitanzi sita vya kwanza kwenye spoku ya tatu, anaviacha vining'inie mbele, anafuma sita vingine kwa mpango uleule, kisha anarudi kwa vile sita vilivyongoja. Vitanzi vya mbele vinajitokeza, vya nyuma vinajificha katikati yao, na ukigeuza kitambaa kila kimoja kinabadilisha kazi. Kwa hiyo pande zote mbili zinaonyesha msokoto. Matundu ya katikati hayana shida: anatupa uzi juu ya sindano, kisha anaunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja ili hesabu isiongezeke, na tundu ni tundu popote utakapolitazamia.

Shida ni macho. Jicho la kushoto limeingia utando, na la kulia linachoka kabla ya saa sita. Shali aliyonayo mkononi sasa ni ya kitukuu anayetarajiwa mwezi wa nane, na imefika nusu. Binti zake wawili wanauza sokoni. Mjukuu aliniambia bila kuficha kwamba blanketi la dukani ni la bei nafuu na linapatikana siku hiyohiyo. Ni kweli. Historia ya Gécamines imehesabiwa kwa tani, na shali hizi hakuna aliyezihesabu.

Nimerudi kwake Jumamosi tatu. Ya kwanza nilifuma vitanzi kumi na viwili nikapata kumi na vinne. Ya pili nilisokota kulia mahali pa kushoto. Ya tatu alipitisha kidole gumba juu ya kazi yangu, polepole, bila kutazama, akasimama kwenye kosa moja, akafumua mistari minne, akanirudishia spoku.