Nyekundu Si Damu Safi

Sisi tuliokulia Dandora tunaijua kanuni ya Doppler, hata wale ambao fizikia iliwashinda. Simama kando ya barabara, mathree ije mbio ikipiga honi: sauti ni kali, nyembamba. Ikishakupita tu, sauti inashuka, inakuwa nzito. Honi ni ileile. Ikija, mawimbi yake yanabanana, ikienda, yanaachana.

Christian Doppler aliliandika jambo hili Prague mwaka wa 1842, ila yeye alikuwa akiwaza nyota. Alidhani nyota pacha zina rangi tofauti kwa sababu ya mwendo. Hapo alikosea, maana rangi ya nyota hutokana hasa na joto lake. Lakini kanuni yenyewe ilisimama. Mwaka wa 1845, huko Uholanzi, Buys Ballot aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, akaweka wanamuziki kando ya reli wasikilize. Wakasikia kile tunachosikia sisi kwa steji.

Katika miaka ya 1950, Shigeo Satomura wa Osaka, Japani, alielekeza ndani ya mwili sauti ambayo sikio haliwezi kuisikia. Alianza na moyo, kisha akaenda kwa mishipa. Seli nyekundu za damu hurudisha mwangwi: zikija upande wa kifaa, mwangwi hupanda, zikienda, hushuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa Japani waliweza kuupaka mwendo huo rangi papo hapo kwenye skrini.

Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Mtaani nimesikia wengi wakisema ati buluu ni damu chafu. Zii. Kwa kawaida, nyekundu ni damu inayokuja kwenye kifaa, na buluu ni ile inayoondoka. Kigeuze kifaa, na mshipa uleule utabadilika rangi. Kikikaa wima kabisa juu ya mshipa, mwendo unaweza kupotea kwenye skrini na damu bado inatiririka. Kwa hivyo picha hiyo inategemea sana mkono wa anayepima.

Na hata kipimo kizuri kina mpaka wake. Katika hospitali ya Nsambya, Kampala, watafiti walilinganisha Doppler ndogo ya kuzungusha kwa mkono, inayosikiliza tu mapigo ya moyo bila picha, na pembe ya Pinard, ile ambayo mkunga huiweka tumboni na kutega sikio. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015. Doppler ilinasa mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi, lakini vifo vya watoto havikuonyesha tofauti.

Mimi nalisoma hivi: mashine inaweza kusikia hatari, lakini haiwezi kumfikisha mama chumba cha upasuaji. Hiyo inataka ambulensi, daktari aliye zamu na damu ya akiba. Ukitoka skani, usihangaike na rangi. Uliza kama damu inamfikia mtoto vizuri, na kama haifiki, mnaenda wapi saa hiyo hiyo.