Buibui wa Ngitili

Kila niendapo nyumbani Nkololo, wilayani Bariadi, huamka kabla ya jua na kwenda kwenye ngitili ya marehemu baba. Saa hiyo umande hufichua jambo ambalo mchana halionekani: tando ndogo zilizofumwa kwenye ncha za mabua makavu. Mwenye kuzifuma ni buibui asiyezidi punje ya mtama. Uzi wake hauna gundi. Ni laini mfano wa pamba iliyochambuliwa, na usubi akiugusa hunaswa miguu.

Buibui huyu hahitaji mengi ila bua lililosimama. Hilo ndilo tulilomnyima kwa muda mrefu.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, kazi hiyo ikisimamiwa na C.F.M. Swynnerton, iliwahimiza watu wa Shinyanga kufyeka mapori ili kumfukuza mbung'o. Kisha pamba ikadai mashamba mapya na mifugo ikaongezeka. Mwaka 1974 tukahamishiwa vijijini, na ngitili nyingi zikakosa mwenyewe. Nilikua nikiona vumbi.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Bariadi ilikuwa bado katika mkoa huo. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Mradi ulifufua desturi ya Wasukuma wenyewe: kutenga eneo ili majani yakue wakati wa mvua na yaliwe kiangazi. Baba alitenga ekari tatu. Majirani walimcheka.

Miche iligawiwa, lakini buibui hakugawiwa na mtu. Mtoto wa buibui hupanda juu ya jani, huachia uzi, na upepo humchukua. Mwaka 1832 Charles Darwin aliwaona wakitua melini, kiasi cha maili 60 kutoka pwani ya Amerika ya Kusini.

Sasa wadogo zangu wanataka ngitili ilimwe pamba. Siwalaumu; watoto wanasoma, na majani hayanunui daftari. Alfajiri moja nilimwomba mmoja wao anifuate. Alizitazama zile tando kwa muda.

"Kaka, zamani hawa hawakuwapo."

"Walikuwa wakipita," nikamwambia. "Hapakuwa na bua la kushukia."

Tumekubaliana ekari moja ilimwe na mbili zibaki. Mwakani, Mungu akipenda, tutazungumza tena.