Hewa nyepesi, hesabu nzito kwa rubani mwanafunzi Arusha

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MKAZI wa Themi anayetazama ndege ndogo zikipaa kutoka Uwanja wa Ndege wa Arusha, ulioko Kisongo, huenda akadhani kwamba kazi ya rubani huanza pale injini inapowashwa. Ukweli ni kwamba huanza mezani, kwa kalamu na majedwali, na katika jiji lililo chini ya Mlima Meru hesabu hizo zina uzito wa pekee.

Uwanja huo uko takriban futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa Dar es Salaam hauzidi futi 200. Kadiri mwinuko unavyoongezeka ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, na joto huongeza wepesi huo. Matokeo yake ni matatu: injini ya kawaida ya ndege ndogo hupungua nguvu, pangaboi huvuta kwa unyonge, na mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ili kuinua ndege.

Hatari ni kwamba kipimo cha mwendo hakimwonyi rubani. Husoma tarakimu ileile aliyoizoea pwani, kumbe magurudumu yanakwenda kasi zaidi na njia ya kurukia inakwisha.

Hesabu yenyewe

Kwa kipimo cha kimataifa, joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15 za Selsiasi, nalo hupungua kwa nyuzi 2 hivi kila futi 1,000. Hivyo joto la kawaida la mwinuko wa Arusha ni nyuzi 6. Kila nyuzi inayozidi hapo huongeza takriban futi 120. Mchana wa nyuzi 28 ziada ni nyuzi 22, yaani futi 2,640. Ndege itapaa kana kwamba iko kwenye uwanja wa futi 7,190.

Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kupaa asubuhi kungali na ubaridi, kupunguza mizigo au mafuta yasiyohitajika, na kusoma majedwali ya kitabu cha ndege yake kabla ya kila safari.

Mlima na ramani

Somo la pili ni Meru yenyewe, yenye urefu wa zaidi ya mita 4,560, ambayo mara nyingi hujifunika mawingu. Septemba 1, 1999, ndege aina ya Cessna 404 iligonga mlima huo na watu wote 12 waliokuwamo walifariki dunia, wengi wao wakiwa watalii kutoka Marekani.

Desemba 18, 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) ilitua Arusha, kwenye njia fupi mno kwa ndege ya ukubwa huo. Njia za viwanja vyote viwili zimeelekea mashariki na magharibi. Hakuna aliyejeruhiwa.

Masharti ya leseni

Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinamtaka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe na umri usiopungua miaka 17, cheti cha afya na saa 40 za kuruka, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Hupimwa pia katika sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, uwezo wa ndege na mawasiliano ya redio. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).