Usione vyaelea: mkweche, Land Rover na matrekta ya karanga

Kuna ubishi mmoja ambao ukianza kijiweni hauishi hadi chai ipoe. Una vijisenti vyako na unapenda magari ya zamani. Ununue lipi? Lile lililokwisha fufuliwa, rangi inang'aa, unawasha na kuondoka? Au ule mkweche uliolala chini ya mwembe, bei ya kutupa, uuvute hadi gereji uanze kuujenga upya mwenyewe?

Wenzetu Marekani hubishania Ford Mustang za miaka ya 1960. Sisi Mustang yetu ni Land Rover 109, ile ya wilaya, ya misheni, ya mabwana shamba. Na kama kuna watu walioijua vizuri ni wa Kilwa na Lindi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya kusini ilikwamia kwenye kivuko cha Rufiji pale Ndundu, na masika yakikolea, barabara ilikatika kabisa. Gari lililofika Nangurukuru lilikuwa gari kweli, na fundi aliyelifikisha alikuwa fundi kweli.

Lakini kabla hujatoa hela mfukoni, hebu turudi nyuma kidogo. Swali hili hili liliwahi kuulizwa hapa hapa nchini, tena kwa mamilioni ya pauni, na jibu likakosewa mara mbili.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, lakini chakula kilikuwa bado cha mgawo. Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akaja na wazo: tulime karanga Afrika Mashariki, kwa mashine, eneo kubwa ambalo halijawahi kuonekana. Serikali ikakubali. Mpango ulikuwa ekari milioni 3.21, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya kama pauni milioni 25. Sehemu tatu zikachaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea, kule nyuma ya Lindi. Sehemu kubwa zaidi ilitarajiwa kuwa huku kusini.

Sasa, kufyeka pori la namna hiyo kunataka matrekta makubwa, na matrekta mapya hayakuwapo. Dunia nzima ilikuwa inayatafuta. Wakaambiwa yapo Ufilipino, mabaki ya jeshi la Marekani, wakayanunua. Mengi yalikuwa yamechoka. Kwa lugha ya gereji, walinunua mikweche.

Hapo napenda tuelewane. Kununua mkweche si ujinga. Mafundi wetu wengi wamejifunzia kazi kwenye mikweche. Kosa ni kununua mkweche halafu ukauhesabu kama gari zima. Mpango wa karanga ulikuwa na ratiba ya ekari kwa mwaka, kana kwamba kila trekta litashuka melini na kwenda moja kwa moja shambani. Karakana za kutosha hazikuwapo. Spea zilikuwa ng'ambo ya bahari. Madereva na mafundi walifundishwa haraka haraka. Na udongo wa Kongwa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji. Ulipofika mwisho wa 1947, zaidi ya nusu ya matrekta yale yalikuwa yamesimama.

Basi wakajaribu njia ya pili: kununua kitu kilichokwisha fufuliwa. Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilichukua vifaru vya vita vya Sherman, ikavivua vazi la vita na kuvigeuza matrekta. Yakaitwa Shervick, yaani Sherman na Vickers. Safari hii hapakuwa na mkweche! Mashine zilitoka kiwandani, zimeundwa upya, zimepakwa rangi.

Nazo hazikufua dafu. Kifaru kimeundwa kwenda vitani. Kuvuta visiki kutwa nzima, siku baada ya siku, ni kazi nyingine. Rangi ilikuwa mpya, lakini mifupa ilikuwa ile ile ya zamani.

Huku Lindi mambo yalikuwa na kioja chake. Ili mashine ifike Nachingwea, kwanza ilibidi ijengwe njia ya kuifikisha. Wakaweka bandari ya muda Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na reli ya kwenda bara. Wakaanza pia bandari kubwa ya maji marefu Mtwara. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango mkubwa, ikifuta hasara ya zaidi ya pauni milioni 35. Reli ya kusini iliendelea kwa miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake kung'olewa. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyobaki, na inafanya kazi hadi leo.

Kwa hiyo mikweche ilishindwa, na zilizofufuliwa zikashindwa. Je, tuseme vitu vya zamani havifai? Hapana. Vuka bahari uende Kilwa Kisiwani uone upande wa pili.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Bahari ilikuwa inakula ukingo, mvua na mizizi ya miti inapasua kuta. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ikaanza ya kuzuia maji, kufyeka mimea, kuziba nyufa kwa chokaa badala ya kuzibandika saruji tu, na wenyeji wakiwa ndani ya kazi hiyo. Hakuna aliyeahidi kwamba Husuni Kubwa itakuwa mpya. Walifanya ukuta baada ya ukuta, na mwaka 2014 magofu yakaondolewa kwenye orodha ya hatari. Miaka 10!

Unaona tofauti? Kwenye karanga mashine zilitangulia na mafundi wakafuata nyuma. Kilwa, mikono, vifaa na muda viliwekwa pamoja, na ratiba ikafuata hali ya ukuta wenyewe. Ndiyo maana nasema swali la kijiweni limekaa vibaya. Usiulize kwanza kama gari limefufuliwa au halijafufuliwa. Uliza ni nani ameligusa au atakayeligusa, kwa vifaa gani, na utampata wapi siku likikuzimikia Somanga usiku.

Turudi kwenye Land Rover yetu. Bodi yake kwa sehemu kubwa ni ya alumini, haishiki kutu kirahisi. Chesisi ni chuma. Kwa gari lililokaa pwani, chumvi inakula chini huku juu kunapendeza. Kwa hiyo ukiuziwa iliyofufuliwa, usivutwe na rangi. Lala chini, gongagonga chesisi, tazama walikochomelea. Dai kuona namba za chesisi na injini zinalingana na kadi, maana nyingi zimebadilishwa injini zikawekewa za Toyota au Isuzu. Si dhambi, lakini ujue unachonunua. Muulize muuzaji fundi wake ni nani. Akianza kung'ata maneno, ondoka.

Ukichagua mkweche, fanya hesabu ambayo wale wa karanga hawakuifanya. Bei ya kununua ni mwanzo tu. Weka kando hela ya chesisi, ya breki, ya nyaya, na ya siku ambazo fundi hatakuja. Tafuta fundi kabla ya gari. Na usijipangie kwamba Pasaka utaendeshea Kilwa Masoko, kwa sababu mkweche haujui Pasaka.

Mimi ukiniuliza, kijana mwenye mshahara, asiye na gereji wala muda, anunue iliyofufuliwa, kwa sharti kwamba ameona kazi ilivyofanyika ndani na si nje tu. Mwenye fundi anayemwamini, uwanja wa kuliegesha na subira ya Kilwa, achukue mkweche. Atapata gari na elimu juu yake.

Wahenga wa pwani, watu wa majahazi, walishamaliza: usione vyaelea, vimeundwa. Wale wa mwaka 1947 waliona vinavyoelea, wakasahau kuuliza vimeundwa na nani.