Nani Alilipia Hilo Bango?

Wasee, kabla tuitwe tena kupiga kura ya maoni, wacha niwape stori ya Ireland. Najua ni mbali. Nivumilieni kidogo, tutarudi nyumbani.

Mwaka 1995 katiba yao ilikuwa bado inakataza talaka. Serikali ikataka kuondoa hiyo marufuku, kura ikapangwa tarehe 24 Novemba. Sasa, serikali ikatenga pauni 500,000 za umma za kuwashawishi watu wapige Ndiyo. Mabango, matangazo, kila kitu. Patricia McKenna, mbunge wa Bunge la Ulaya, akaenda kortini. Na hapa ndipo aliponibamba: yeye mwenyewe alikuwa anaunga mkono talaka! Shida yake ilikuwa pesa. Kodi inalipwa na wa Ndiyo na wa Hapana, mbona inunulie upande mmoja kipaza sauti?

Tarehe 17 Novemba, wiki moja tu kabla ya kura, Mahakama ya Juu ikakubaliana naye. Serikali ieleze watu, sawa, lakini isiwapigie kampeni na pesa zao. Ndiyo ilishinda kwa kura 9,114 nchi nzima. Hiyo ni tofauti ndogo sana, manze.

Unadhani walijifunza? Mwaka 2012, kura ya haki za watoto, serikali hiyo hiyo ya Ireland ikatumia yuro milioni 1.1 kwa kijitabu na tovuti, ikasema ni habari tu. Siku mbili kabla ya kura, majaji wakasema habari zenyewe zimeegemea upande mmoja. Yaani hata neno "habari" linaweza kuvaa nguo za kampeni.

Turudi nyumbani. Mimi niliacha chuo, siko hapa kujifanya wakili, lakini kalenda naweza kusoma. Februari 2021, mabunge ya kaunti yakiwa yanajiandaa kuupigia kura mswada wa BBI, MCA wakaidhinishiwa ruzuku ya gari, shilingi milioni 2 kila mmoja. Wengi walikuwa wameidai kwa muda mrefu. Sisemi ni hongo. Nasema tu iliidhinishwa wakati gani. Zaidi ya kaunti 40 zikapitisha mswada.

Halafu Mei 2021 Mahakama Kuu ikauangusha, na kati ya mambo ambayo majaji waliyataja ni hili ambalo watu hulisahau: mswada ulitolewa kwa Kiingereza peke yake. Kiswahili hakuna, Breli hakuna. Katiba yenyewe inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi.

Hiyo ndiyo inaniuma kuliko magari. Ireland walipigana kwa sababu serikali iliongea sana. Sisi pesa ya magari ilipatikana, ya kutafsiri ikakosekana.

Cucu wangu aliletewa karatasi ya sahihi za BBI nyumbani. Akauliza, "Na hicho kitabu chenyewe kiko wapi nisome?" Kijana wa karatasi akasema kiko kwa simu. Cucu ana kabambe ya vitufe. Akampa chai, akamrudishia kalamu yake.