Bango Halikumwonyesha Mtoto

Bango maarufu la mwaka 1943, lililochorwa na J. Howard Miller kwa ajili ya viwanda vya Westinghouse, linamwonyesha mwanamke wa Kimarekani aliyefunga kitambaa chekundu kichwani, amekunja mkono hadi msuli umetuna. Kisichoonekana ni mtoto. Mama yuko kiwandani. Mtoto amebaki na nani?

Swali hilo halikuwa dogo. Wanaume walikuwa vitani, na viwanda vya meli, ndege na risasi vilihitaji watu. Kati ya 1940 na 1945, wanawake walipanda kutoka takribani asilimia 27 ya nguvu kazi hadi 37, na kwa mara ya kwanza walioolewa wakawazidi wasioolewa. Mama hawezi kuchomelea vyuma usiku kucha huku mwanawe amefungiwa chumbani peke yake.

Hapo malezi, yaliyohesabiwa siku zote kuwa mambo ya ndani ya nyumba, yakawa shughuli ya serikali. Kuanzia 1943, fedha za Sheria ya Lanham ziligharamia vituo vya kulelea watoto katika miji yenye viwanda vya vita. Huko Portland, Oregon, kampuni ya Kaiser ilijenga vituo viwili mlangoni mwa viwanda vyake vya meli. Vilikuwa wazi usiku na mchana, kufuata zamu, na mama aliyechoka aliweza kununua hapohapo chakula kilichopikwa, akaenda nacho nyumbani.

Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri matako. Vita vilipokwisha 1945, wanaume walirudi na wanawake wengi wakaachishwa kazi. Kaiser ikafunga vituo vyake mwaka huohuo. Fedha za serikali kuu zikakoma Februari 1946. Akina mama wa California walipigania vyao hadi jimbo likakubali kuvilipia. Kwingineko vingi vilifungwa. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha muswada wa malezi kwa nchi nzima. Rais Nixon akaukataa.

Mara nyingi husemwa kwamba vita viliwaonyesha Wamarekani kuwa mwanamke anaweza kazi. Wanawake weusi walikuwa wameionyesha tangu enzi za utumwa, wakilea watoto wa wengine bila kuulizwa wa kwao wako wapi. Jipya la miaka ile lilikuwa serikali kukubali kulipia malezi. Ilijua namna ya kufanya, ikafanya, kisha ikaacha.