Mifereji ya Maji ya Roma ya Kale

Kwa hesabu ya Warumi wenyewe, mji wa Roma uliishi miaka 441 tangu kuasisiwa kwake kwa kutegemea mto Tiber, visima na chemchemi. Mwaka 312 KK Appius Claudius Caecus, ambaye pia ndiye aliyeanza kujenga barabara ya Via Appia, aliuletea mji mfereji wa kwanza, Aqua Appia. Ulikuwa na urefu wa kilomita 16 hivi, karibu wote ukipita chini ya ardhi. Mwaka 144 KK ulianza kujengwa Aqua Marcia, wenye urefu wa kilomita 91, ambao maji yake yalisifiwa kwa ubaridi na usafi. Ilipofika mwaka 226 BK Roma ilikuwa imejengewa mifereji mikuu 11.

Picha inayojulikana ni ya matao marefu yaliyopangana bondeni, lakini matao yalikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Kati ya zile kilomita 91 za Aqua Marcia, zipatazo 80 zilikuwa chini ya ardhi. Huko maji yalikingwa na jua na uchafu, na adui hakuyaona kwa urahisi. Mafundi walichimba mashimo ya wima kila baada ya hatua kadhaa, wakatoboa njia kutoka shimo moja hadi jingine, na baadaye mashimo hayohayo yakatumika kushukia wakati wa kusafisha. Kuta za ndani zilipigwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa, ambayo haikupitisha maji.

Hakukuwa na pampu. Maji yalishuka kwa uzito wake tu. Kwa hiyo ugumu wote ulikuwa katika kupima mteremko: ukiwa mkali, maji yangekwangua kuta, ukiwa mdogo mno, yangetuama. Mfereji wa mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, unashuka chini ya mita 13 katika mwendo wa kilomita 50. Ni kazi ya kustaajabisha, kwani ilifanyika kwa timazi na kwa meza ndefu ya mbao yenye kijito cha maji juu yake, iliyotumika kama pimamaji. Mahali ambapo mfereji huo ulikutana na mto Gardon, ilibidi lijengwe daraja la Pont du Gard, lenye ngazi tatu za matao na kimo cha karibu mita 49. Katika mabonde ya kuelekea Lyon, ambako daraja la namna hiyo lingekuwa refu kupita kiasi, maji yaliingizwa katika mabomba ya risasi yaliyofungwa, yakateremka hadi bondeni na kupanda upande wa pili kwa msukumo wake yenyewe. Upande wa Afrika, mji wa Carthage, katika Tunisia ya leo, ulipata maji kutoka Zaghouan kwa mfereji wa kilomita 132.

Yakifika mjini, maji yaliingia kwenye hodhi la kugawia. Lile la Nîmes bado lipo, na katika ukuta wake kuna matundu 10 ya mabomba. Kutoka hapo yalielekea kwenye chemchemi za mitaani, mabafu ya umma na nyumba za waliopewa kibali. Watu wengi hawakuwa na bomba nyumbani. Walichota mtaani bila malipo. Maji yalitiririka usiku na mchana, na yaliyozidi yalisafisha mifereji ya majitaka. Mtiririko huo usiokoma, pamoja na utando wa chokaa uliojijenga ndani ya mabomba, ulipunguza madhara ya risasi, ingawa mjenzi Vitruvius alikwisha kuonya kwamba mabomba ya udongo ni salama zaidi.

Ujenzi wenyewe usingedumu bila usimamizi, na hapa ndipo ushahidi ulipo mwingi. Mwaka 97 BK Kaisari Nerva alimkabidhi Sextus Julius Frontinus madaraka ya maji ya Roma, naye akaandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo. Chini yake walikuwapo watumwa 700 wa kukarabati na kulinda. Kibali cha maji kilitolewa na Kaisari kwa jina la mtu, hakikurithiwa wala kuuzwa pamoja na nyumba, na kipimo kilikuwa mdomo wa shaba nyeusi uliopigwa muhuri. Frontinus aligundua wizi kila upande: midomo mipana kuliko kibali, mabomba ya siri chini ya barabara, wakulima waliotoboa mfereji ili kumwagilia mashamba. Sheria ilitaka futi 15 ziachwe wazi kila upande wa matao, kwa sababu mizizi ya miti ilipasua kuta.

Mwaka 537 Wagothi walipouzingira mji, waliikata mifereji, na Belisarius, kamanda wa ulinzi, akaziba midomo yake adui asije akapenya ndani. Wakazi wakasogea karibu na mto Tiber. Aqua Virgo, uliojengwa na Agrippa mwaka 19 KK, ulinusurika kwa kuwa karibu wote ulikuwa chini ya ardhi. Ulikarabatiwa tena na tena, na njia yake ndiyo inayolisha chemchemi ya Trevi, iliyokamilika mwaka 1762.